Watu wakihama na kura zinahama: tuchukue Virginia

Kila uchaguzi wa Marekani ukiisha sisi tunaoshinda na takwimu za sensa tunaulizwa swali lile lile, hivi jimbo lililokuwa la Republican miaka nenda rudi limegeukaje, ina maana watu wote wameamka siku moja wakabadili chama? Hapana jamani. Wengine hawajabadili kitu, wamehama nyumba tu. Na nikisema jimbo hapa simaanishi jimbo la mbunge kama tulivyozoea Bongo, ni lile kubwa lenye gavana wake na kaunti zake ndani.

Virginia naipenda kwa somo hili maana mambo mawili yametokea kwa wakati mmoja, kila moja na pembe yake. Kuanzia 1968 mpaka 2004 kila mgombea urais wa Republican aliibeba, hata Clinton wa Democratic aliyeshinda nchi mara mbili hapo alikosa. Akaja Obama 2008 akaichukua, wa kwanza wa Democratic tangu Johnson 1964, na mpaka 2024 haijarudi tena kwa Republican kwenye urais.

Sasa panda kaskazini, pembeni ya Washington. Kaunti ya Loudoun mwaka 1970 ilikuwa na watu kama 37,000, mashamba na farasi. Uwanja wa ndege wa Dulles ulikuwa umeshafunguliwa 1962, baadae zikaja kampuni za teknolojia, tenda za serikali kuu, yale majengo makubwa ya kutunzia data pale Ashburn, na kila ajira ikaja na familia yake, wasomi kutoka majimbo mengine, wahamiaji kutoka India na kwingineko, mpaka sensa ya 2020 inahesabu karibu 421,000. Bush alishinda hapo 2000 na 2004. Biden wa Democratic 2020 akashinda kwa pointi kama 25 za asilimia. Mkulima wa zamani wa Loudoun huenda bado anapigia chama chake kile kile, ila siku hizi kazungukwa.

Shuka kusini magharibi uone kinyume chake. Buchanan ni kaunti ya makaa ya mawe, milima mitupu, na kwa sababu ya chama cha wafanyakazi wa migodi ilikuwa ngome ya Democratic kweli kweli, hata Kerry, mgombea wao wa 2004, alishinda pale wakati jimbo zima linaenda kwa Bush. Migodi ikapunguza watu, vijana wakaondoka, wakazi wakashuka kutoka kama 38,000 mwaka 1980 mpaka 20,000 na kidogo 2020. Trump mwaka huo akapata zaidi ya asilimia 80. Hapa kuhama peke yake hakutoshi kueleza, waliobaki nao wamebadilika, nguvu ya chama cha wafanyakazi imeisha na hasira kuhusu sera za makaa ilikuwa kubwa. Ni wangapi walihama na wangapi walibadili msimamo? Matokeo ya kaunti hayawezi kukwambia hilo, anayekupa asilimia kamili kwa kuangalia ramani tu anakudanganya.

Ramani yenyewe inapotosha watu sana. Unaona wekundu, rangi ya Republican, umetanda nusu ya jimbo unadhani Republican wameshinda, kumbe ule ushindi wa Buchanan ni kura elfu 8 na kitu, halafu kaunti ya Fairfax peke yake, huko kaskazini pembeni ya Washington, ilimpa Biden kama 420,000. Milima haipigi kura.

Kitu kingine, sensa haiulizi chama, na Virginia hata ukijiandikisha kupiga kura huulizwi wewe ni wa chama gani. Sensa inahesabu kila mkazi hata asiye raia, na mwenye green card, yaani kibali cha ukazi wa kudumu, kwa kawaida anasubiri miaka 5 ndo aombe uraia, kwahiyo kaunti inaweza kujaa watu leo, ikaongezewa uzito kwenye mgawanyo wa viti vya bunge, halafu kura za hao wageni ukazisubiri sana.

Na msije mkapiga hesabu za miaka 20 mbele kama vile watu ni mahindi. 2021 Youngkin wa Republican alishinda ugavana wa Virginia hiyo hiyo, na pale Loudoun ile tofauti ya pointi 25 ilishuka ikawa kama 11, ndani ya mwaka mmoja tu. Watu hawakuhama ndani ya mwaka, ni ugomvi wa mambo ya shule, ni nani kajitokeza na nani kabaki nyumbani.

Mimi kwa sasa naiangalia kaunti ya Stafford, huko kusini zaidi, ambako wanakimbilia walioshindwa bei za nyumba za Fairfax. 2016 ilimpa Trump, 2020 ikampa Biden kwa tofauti ndogo, na asubuhi ukikaa kando ya barabara ya I-95 utaona foleni ya hao wakazi wapya wanarudi kaskazini kazini.