Onyesho la kurudiana ni nini?

Ni onyesho la wanamuziki waliokwisha kuvunja kundi, wakapanda tena jukwaani pamoja kuimba nyimbo zao za zamani. Neno lenyewe tumelizoea kwa wanandoa walioachana, na hata huku halijapoteza harufu hiyo: wengine huimba usiku mmoja tu, kisha kila mtu akashika njia yake.

Likipigwa filamu, onyesho huzaa vitu vitatu ambavyo watu huvichanganya: usiku wenyewe, filamu, na albamu. Chukua lile la waimbaji wawili wa Marekani, Paul Simon na Art Garfunkel, waliojulikana kama Simon & Garfunkel, tarehe 19 Septemba 1981, katika bustani ya Central Park, New York. Walikuwa wameachana tangu 1970. Hapakuwa na kiingilio, na umati ulikadiriwa kufikia watu 500,000. Ziliimbwa nyimbo 21. Albamu iliyotoka Februari 1982 ina 19. Wimbo mmoja ulioachwa, The Late Great Johnny Ace, ndio ambao katikati yake mtu alivamia jukwaa na kumwendea Simon. Kwenye filamu tukio hilo linaonekana. Mwenye albamu peke yake hana habari nalo.

Ugumu mkubwa wa wawili kurudiana uko kwenye pumzi kuliko kwenye noti. Garfunkel alitaka sauti mbili na gitaa moja. Simon alitaka bendi, na bendi ya watu 11 ndiyo iliyopanda. Gitaa moja humsubiri mwimbaji anayevuta neno. Ngoma hazimsubiri mtu. Mtu aliyeimba peke yake miaka kumi amezoea kukata maneno anavyotaka, kwa hiyo sikiliza mwisho wa mistari: herufi kama s na t zikitoka mara mbili badala ya mara moja, hao hawajafanya mazoezi ya kutosha. Wakishusha ufunguo wa wimbo, yaani wauimbe chini zaidi, ili kumwokoa mwenye sauti ya juu, mwenye sauti ya chini naye huanza kunguruma.

Upande wa kurekodi, zama hizo maikrofoni zilipewa njia zake, yaani mistari ya sauti inayokaa sambamba bila kuchanganyika, kwenye mkanda wa njia 24, wenye upana wa inchi 2. Ukizungushwa inchi 30 kwa sekunde, mkanda wa futi 2,500 humalizika kwa dakika 16 na ushei. Ndiyo maana mashine zilikuwa mbili, na ya pili iliwashwa kabla ya ya kwanza kuisha. Fundi akichelewa, wimbo ulikatika na haukurudi.

Kisha kuna ugomvi wa kudumu kati ya fundi wa sauti na mwongozaji wa filamu. Mwongozaji anataka nyuso mbili karibu, zienee kwenye picha moja. Fundi anataka nafasi, kwa sababu waimbaji wakibanana, sauti ya mmoja huvuja kwenye maikrofoni ya mwenzake. Hapo mstari uliokosewa hausahihishiki studio: ukiimbwa upya, ule wa zamani bado unasikika nyuma kama mzimu.

Studio mambo ni tofauti, kila sauti hukaa kwenye njia yake na hufutika bila kugusa nyingine. Katika kipindi cha ziara zao za 1982 na 1983, wawili hao walifanya kazi ya albamu mpya pamoja. Simon akaziondoa sauti za Garfunkel, na mwaka 1983 ikatoka kwa jina lake peke yake: Hearts and Bones.