Kwanini kompyuta zinagotea 2,147,483,647?

Hili swali tunaulizwa sana hapa idarani, hasa na vijana wa programu: eti hii namba walioiweka kwenye kompyuta waliichagua kwa vile ni namba tasa, yaani haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na yenyewe? Hapana. Ila ni tasa kweli, na hapo ndo penye utamu.

Ya kompyuta tuyamalize chapchap. Namba nyingi kompyuta inaziandika kwa biti 32 (biti ni nafasi ya 0 au 1), moja inaonyesha chanya au hasi, zinabaki 31, kwa hiyo kubwa kabisa inayoingia ni 2 kwa kipeo cha 31 toa 1, basi, hakuna aliyekaa kikao kuichagua. Ndo maana Disemba 2014 YouTube walisema wamepanua kaunta yao ya kuhesabu video imetazamwa mara ngapi, sababu ya video ya Psy, mwanamuziki wa Korea Kusini, iliyokuwa inakipita kikomo hiki, na ndo maana mifumo ya zamani inayohesabu sekunde toka 1 Januari 1970 itajaa Jumanne 19 Januari 2038, kwa saa zetu za Afrika Mashariki saa 12 na dakika 14 asubuhi, halafu sekunde inayofuata hesabu inageuka hasi na tarehe inarudi Disemba 1901!

Sasa hesabu yenyewe. Vipeo vya 2 ukivitoa 1 unapata namba za Mersenne, na ili iwe tasa lazima kipeo nacho kiwe tasa, japo hiyo peke yake haitoshi, maana 11 ni tasa lakini kipeo hicho kinakupa 2,047 ambayo ni 23 mara 89. Hii ya 31 aliithibitisha mwanahisabati Euler, mwaka 1772, yuko St Petersburg na macho karibu yamekwisha kabisa. Njia ya kawaida ni kujaribu kila tasa mpaka kwenye kipeuo cha pili, kama 46,340 hivi, zinafika elfu nne na kitu, nani ana muda huo? Yeye akajua kwamba kigawo chochote cha namba hii ukikigawa kwa 248 lazima kibakishe 1 au 63, zikabaki za kuangalia hazifiki 400, tena nyingi zinaanguka zenyewe (63 na 249 zote zinagawanyika kwa 3). Ya kwanza ya kujaribu kweli ni 311, igawe uone, baki ni 35. Zilizofuata zote zikagoma vilevile, na namba yetu ikakaa miaka mingi kama tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana.

Tena ukiizidisha kwa 1,073,741,824 unapata namba timilifu, yaani vigawo vyake vyote ukiiacha yenyewe vikijumlishwa vinairudisha yenyewe, kama 6 na 1+2+3.

Anayebisha bado kuhusu kuchaguliwa aangalie biti 64. Kikomo chake ni 9,223,372,036,854,775,807, kipeo ni 63, wala siyo tasa. Inagawanyika kwa 7 bila baki, tena mara mbili.