Kamanda Mkuu wa NATO si Amiri Jeshi Mkuu

Kila NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Ulaya na Amerika Kaskazini, inapobadilisha kamanda wake barani Ulaya, maswali humiminika kwenye dawati letu, na mengi yanatokana na kosa lilelile: kumwita ofisa huyo "Amiri Jeshi Mkuu wa NATO". Hakuna cheo hicho. Nchi zote 32 wanachama zimebaki na kauli ya mwisho juu ya askari wao. Kamanda huyu anaongoza wale tu aliokabidhiwa, kwa kazi aliyokabidhiwa.

Jina hupendekezwa na Rais wa Marekani, kwa kuwa ofisa huyohuyo ndiye anayeongoza pia kamandi ya Marekani barani Ulaya, yenye makao yake Stuttgart. Kisha hupita milango miwili. Seneti ya Marekani humthibitisha, pamoja na nyota yake ya nne, yaani cheo cha jenerali kamili. Baraza la Atlantiki ya Kaskazini, ambamo kila serikali mwanachama ina balozi wake, nalo huridhia. Barazani hakupigwi kura. Wote wakikubali, jambo limepita. Mmoja akikataa, limekwama. Kwa hiyo anayetuuliza kamanda alishinda kwa kura ngapi, tunamwomba sana asome tena sentensi hiyo.

Milango hiyo haina lazima ya kufuatana. Alexus Grynkewich aliridhiwa na Baraza tarehe 5 Juni 2025, akiwa bado luteni jenerali na Seneti haijamthibitisha. Alishika kazi tarehe 4 Julai, makao makuu ya Casteau, karibu na Mons, Ubelgiji. Katika wiki hizo zote kamanda alikuwa Jenerali Christopher Cavoli, na mteule hakuwa na uwezo wa kuhamisha hata askari mmoja kwa jina la NATO.

Kwamba makamanda wote, tangu Dwight Eisenhower aliyeteuliwa Desemba 1950, wamekuwa Wamarekani, ni mazoea tu. Mkataba wa 1949 ulioanzisha NATO hausemi hivyo popote.

Mipaka ya cheo hiki ilionekana wazi Juni 1999. Wanajeshi wa Urusi waliwahi kufika uwanja wa ndege wa Pristina, Kosovo, kabla ya wale wa NATO. Kamanda Mkuu, Wesley Clark, akaagiza njia ya kurukia izibwe, ndege za Urusi zisipate pa kutua. Jenerali Mike Jackson, Mwingereza aliyeongoza kikosi cha NATO pale, akakataa, akihofia kuzua vita na Urusi. Wakubwa wake London wakasimama naye.

Wengi hutuuliza Jackson alipewa adhabu gani. Hakupewa yoyote. Askari aliye chini ya kamandi ya NATO huadhibiwa kwa sheria za jeshi la nchi yake, na Clark hakuwa na mahakama ya kumpeleka Mwingereza. Mwaka 2003 Jackson akawa mkuu wa jeshi la nchi kavu la Uingereza.