Maana ya modeli ya kihisabati katika usanifu wa mitambo ya kusafisha maji

Modeli ya kihisabati ya mtambo wa kusafisha maji ni mkusanyiko wa milinganyo inayoeleza jinsi uchafu unavyopungua, tangu maji ghafi yanapoingia hadi yanapotoka yakiwa salama, pamoja na gharama ya kila hatua. Mhandisi hutaja vipimo vinavyoweza kubadilishwa, kama vile eneo la tangi, kiasi cha shabu (dawa ya kushikamanisha uchafu) na kasi ya kuchuja, kisha kompyuta hutafuta mchanganyiko wa gharama ndogo kabisa usiovunja masharti ya ubora wa maji.

Sehemu kubwa ya hesabu hizo ni ya zamani. Mwaka 1851 mwanafizikia George Stokes alionyesha kwamba chembe ndogo yenye kipenyo maradufu huzama kwa kasi mara 4, na ndiyo maana shabu hutiwa ili chembe zishikamane ziwe mabonge (ingawa mabonge hayo huwa mepesi kwa ukubwa wake, hivyo mlinganyo huhitaji marekebisho). Mwaka 1904 mhandisi wa maji Allen Hazen alieleza kwamba uwezo wa tangi la kutuamishia tope hutegemea zaidi eneo lake kuliko kina chake, kwa hiyo kulichimba zaidi kwenda chini mara nyingi ni kufukia fedha.

Faida kubwa ya modeli, kwa maoni yangu, ni kuziona hatua zote kwa pamoja. Tangi dogo la kutuamishia hugharimu kidogo kulijenga, lakini hupitisha tope jingi, kichujio cha mchanga huziba mapema, na kila kinapooshwa hutumia umeme na maji ambayo tayari yamekwisha kusafishwa. Anayesanifu kila sehemu peke yake hupata sehemu nyingi za bei nafuu ndani ya mtambo wa gharama kubwa. Kwa kuwa ujenzi hulipiwa mwanzoni ilhali dawa na umeme hulipiwa miaka yote, modeli hugeuza malipo ya baadaye kuwa thamani ya sasa (yaani kiasi cha fedha za leo kinacholingana nayo) kabla ya kuyajumlisha na gharama za ujenzi.

Hata hivyo, milinganyo haina budi kulinganishwa na majaribio ya maji yenyewe, ya kiangazi na ya masika. Modeli iliyolishwa takwimu za kiangazi pekee itapendekeza tangi dogo, na mto utakapofurika tope litafika kwenye vichujio.