Magurudumu yakizunguka hewani hayajakuambia kitu

"Fundi, hili gari la rimoti ni jipya kabisa. Tulilijaribu kabla ya kulifunga kama zawadi, likawa zima. Mtoto kalichezea nusu saa tu."

Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi kiasi kwamba siku hizi mteja akifika kwenye "tulilijaribu" namkatiza: mlilijaribu likiwa mkononi au likiwa chini? Ananyamaza kidogo, halafu anajibu: mkononi. Wote hujibu mkononi.

Kazi yangu ni kutengeneza vitu vidogo vya umeme, na magari ya rimoti humiminika mezani kwangu siku chache baada ya kila sikukuu. Mengi huletwa na mashtaka tayari: mtoto kaharibu. Nikiyafungua nakuta kasoro iliyotoka nayo kwenye boksi, ambayo mtu mzima angeigundua kwa dakika kumi kama asingeridhika na mlio wa mota na taa mbili za mbele.

Dhana: "Magurudumu yanazunguka, kwa hiyo gari ni zima"

Ukiliinua gari juu, mota haina mzigo wowote zaidi ya gia na matairi mepesi, na umeme inaovuta ni kidogo sana. Liweke chini uliendeshe. Mota ya brashi, aina ya kawaida kwenye magari haya, huvuta umeme mwingi kuliko wakati wowote pale inapokuwa imesimama na inalazimishwa kuanza kuzunguka. Ni mara kadhaa ya ule inaovuta ikizunguka bure. Udhaifu wote wa gari hujitokeza hapo, na mkononi usingeuona hata ungelishika mchana kutwa.

Chukua betri iliyochoka. Bila mzigo, ukiipima kwa mita inaonyesha volti nzuri tu. Ipe mzigo, volti zinaporomoka, saketi inayopokea mawimbi inakosa umeme wa kujiendesha, gari linashtuka, linasimama, taa zinazima na kuwaka tena. Mteja huniambia "rimoti inakatakata", na ameshaibadilisha betri za rimoti mara tatu. Rimoti haina kosa. Tatizo ni betri ya gari, au kibati cha kwenye nyumba ya betri kilicholegea, au solda iliyoshikilia waya kwa unyuzi mmoja.

Gia nazo ni hivyo hivyo. Ile gia ndogo ya plastiki inayobanwa kwenye shafti ya mota ikipata ufa, hewani huzungusha tairi kama kawaida. Chini inateleza juu ya shafti: mota inalia kwa nguvu, gari liko pale pale. Niliwahi kuletewa gari ambalo stika zake zilikuwa bado zinang'aa, matairi hayana hata vumbi, na gia hiyo ina ufa kutoka kwenye jino hadi kwenye tundu. Baba alikuwa ameshamgombeza mwanawe kwamba kalikanyaga. Mtoto mwenyewe, wa miaka sita hivi, alikuwa amesimama pale pale, kimya. Niliitoa gia nikaiweka kwenye kiganja cha baba. Aliitazama, akamtazama mtoto, kisha akaniuliza kama gundi itashika. Haishiki. Plastiki ya gia hizi ni ya jamii ya nailoni, laini na yenye utelezi kwa makusudi, na gundi za kawaida hazing'ang'anii juu yake. Ni kubadilisha tu.

Usukani ndio unaosahaulika kabisa. Kwenye magari mengi ya bei nafuu tairi za mbele hukunjwa na mota ndogo sana, au na koili na sumaku, na hakuna kukata kidogo: ni kushoto kote, kulia kote, au katikati. Hewani tairi hizo hukunja vizuri. Uzito wa gari ukizikalia, usukani dhaifu hauna ubavu wa kuzigeuza. Kwa hiyo zungusha gari duara kamili kushoto, kisha kulia, uone kama maduara yanakaribiana kwa ukubwa, halafu achia usukani uone kama linarudi kwenda moja kwa moja. Likivuta upande mmoja usiliite bovu mara moja. Ligeuze tumbo juu: kati ya tairi za mbele mara nyingi kuna kijiti cha kurekebishia. Watu wameniletea magari ya kutengenezwa na dawa yake ilikuwa kusogeza kijiti hicho kwa ukucha. Sitozi kitu kwa hilo, ila kumtania mwenye gari lazima.

Halafu kuna umbali. Unalijaribu gari likiwa hatua moja kutoka ulipo, na kwa umbali huo hata antena iliyokatika hufanya kazi. Ndani ya gari antena ni kipande cha waya tu. Nimekuta umefinywa chini ya skrubu, nimekuta umesokotwa pamoja na waya za mota, nimekuta haukuchomewa solda kabisa. Mpe mtu mwingine gari alipeleke mbali, hatua kumi, kumi na tano, ishirini na tano, huku unabonyeza. Gari la kawaida la kuchezea linatakiwa kukusikia hadi kama mita 20 mahali pa wazi.

Kama umenunua mawili kwa ajili ya ndugu wawili, yawashe yote kwa pamoja. Magari ya mtindo wa zamani hutumia mawimbi ya megahezi 27 au 49, na mawili yenye wimbi moja huingiliana: mtoto mmoja anabonyeza mbele, gari la mwenzake linaondoka, na hapo utasuluhisha ugomvi mpaka jioni. Yale ya gigahezi 2.4 hujifunga kila moja na rimoti yake na huweza kukimbia mengi mahali pamoja. Hilo huwa limeandikwa kwenye boksi, tena kwa herufi kubwa, lakini nani anasoma boksi.

La mwisho, ambalo nalisisitiza hata nikichekwa: lichaji lijae, kisha liendeshe mpaka betri iishe. Liendeshe sakafuni, kwenye zulia, kwenye kimlima kidogo, mbele na nyuma. Gari dogo lenye betri ya miliampea-saa 500 (kipimo cha umeme ambao betri inabeba) litakupa kama dakika 15 hadi 20, zaidi au pungufu kwa kadiri unavyolikamua. Likisimama, gusa betri na sehemu ya mota. Kuwa vuguvugu ni kawaida. Ukishindwa kuacha kidole hapo, au ukinusa plastiki inayoungua, lirudishe ulikolitoa siku hiyo hiyo. Likipita mtihani huo, mtoto akija kuliharibu nitakubali kwamba kaliharibu yeye.

Dhana: "Mara ya kwanza lichajiwe usiku kucha"

Ushauri huu ni urithi wa betri za nikeli-kadimiamu, ambazo kweli zilitaka kulelewa. Watu bado wanaurudia kwa betri za lithiamu na hata kwa simu. Soma namba mbili tu: ya betri na ya chaja. Betri ya miliampea-saa 500 kwenye chaja ya miliampea 250 ni saa 2, ongeza kidogo kwa umeme unaopotea kuwa joto, yaani saa mbili na nusu hadi tatu. Chaja rahisi za betri za nikeli nyingi hazijui kujizima, zinaendelea tu kusukuma umeme kwenye betri iliyojaa mpaka ichemke. Za lithiamu huwa na kinga, lakini mimi siachi betri ya lithiamu kwenye chaja nikaenda kulala, na wewe usiache. Betri ikitoka kukimbia ipoe kwanza. Ikivimba usiitoboe, usiirudishe kwenye chaja.

Taa ya chaja nayo ina vituko vyake: kwa aina fulani huwaka wakati wa kuchaji na kuzima ikijaa, kwa nyingine ni kinyume. Karatasi ya maelekezo inasema.

Dhana: "Betri yenye miliampea nyingi inaongeza kasi"

Haiongezi. Inaongeza muda. Kasi inaletwa na volti, na ndiyo maana watu huchomeka betri ya volti 7.4 kwenye gari la volti 4.8 na kufurahia dakika tano za mbio kabla ya moshi. Betri hiyo ikiwa imejaa ni volti 8.4. Saketi haikuandaliwa kwa hilo. Na zile kasi za kutisha kwenye maboksi, angalia kama hazijapigwa kwa kipimo cha mfano: gari la 1:10, yaani dogo mara kumi kuliko lile halisi, likienda kilomita 20 kwa saa linaandikiwa 200.

Dhana: "Limeandikwa haliogopi maji, basi lizame"

Tafuta herufi IPX na namba inayofuata. IPX4 ni kurushiwa maji. IPX7 ni kuzama hadi mita 1 kwa dakika 30. Kama hakuna namba, chukulia ni manyunyu. Na hata saketi ikiwa imezibwa vizuri, mota na beringi hupata kutu. Likilowa likaushwe kabla ya kuwekwa ndani.

Dhana: "Umri ulioandikwa ni wa watoto wasio werevu"

Kuna mzazi ambaye akiona alama ya kwamba kitu hakifai chini ya miaka 3 anasikia mwanawe ametukanwa. Alama hiyo haijapima akili ya mtu. Inahusu vipande vinavyoweza kuziba koo. Wapimaji wana silinda yenye kipenyo cha milimita 31.7, inayokaribia koo la mtoto mdogo. Kipande kinachoingia chote humo hakiruhusiwi kwenye kitu cha kuchezea cha umri huo. Mwerevu au la, koo ni lile lile.

Jambo ambalo sina mzaha nalo hata kidogo ni betri za kitufe, zile bapa za duara kama sarafu. Vigari vile vidogo kabisa, na rimoti zake, mara nyingi hutumia hizo. Ya lithiamu ya milimita 20 ikikwama kwenye umio inaweza kuunguza nyama ndani ya saa 2, hata kama betri yenyewe inaonekana imekwisha. Ukishuku tu kwamba mtoto ameimeza, nenda hospitali wakati huo huo, usisubiri akohoe wala atapike, na usimlazimishe kutapika. Unapolijaribu gari, kwa hiyo, jaribu na mfuniko: uwe na skrubu, skrubu ikaze, kisha liangushe gari kwenye zulia kutoka kimo cha kiuno. Mfuniko ukiachia, hiyo si zawadi ya nyumba yenye mtoto anayetambaa, hata kama mwenye zawadi ana miaka tisa.

Upande wa kuendesha, umri wenyewe una maana yake. Gari linapokuja kwako, kushoto kwake ni kulia kwako, na hata watu wazima hugonga ukuta kwa sababu hiyo. Mtoto wa miaka minne mpe la vitufe viwili. Usukani wa kukata kidogo kidogo, ule wa rimoti yenye umbo la bastola na gurudumu pembeni, usubiri akue, na umfundishe kwanza gari likiwa linaenda mbali naye.

Dhana: "Nikilifungua si zawadi mpya tena"

Hii ndiyo inayowafanya watu wenye akili zao wanunue gari mwezi mzima kabla, waliweke kabatini likiwa limefungwa utepe, na walifungue mbele ya mtoto siku muda wa kulirudisha umekwisha. Betri iliyokaa miezi mingi bila chaji huenda imeshuka mpaka chaja isiitambue, rimoti inataka betri mbili ambazo hazikuwekwa, na mfuniko una skrubu ambayo hakuna bisibisi nyumbani ya kuifungua. Mtoto anasubiri, wageni wanatazama.

Lifungue mapema. Kata mkanda wa boksi kwa wembe ili ufungike tena, na zile waya za plastiki zinazolishikilia gari zifungue, usizikate. Likishapita majaribio futa matairi kwa kitambaa chenye unyevu, angalia kama hakuna nywele zilizojisokota kwenye ekseli, lichaji tena, zima swichi ya tumboni, urudishe kila kitu kilivyokuwa. Betri za rimoti ziweke kando, na siku ya kukabidhi uwe nazo mfukoni pamoja na ile bisibisi ndogo ya nyota, kwa sababu mtoto akishaliona gari hatakupa nafasi ya kwenda kuitafuta.