Tarehe za historia ya India ambazo wengi huzichanganya

Dhana: India ilikuwa jamhuri tangu 15 Agosti 1947.

Siku hiyo ilipata uhuru tu. Mfalme George VI wa Uingereza alibaki mkuu wa nchi, akiwakilishwa na gavana mkuu: kwanza Mountbatten, kisha C. Rajagopalachari kuanzia Juni 1948. Jamhuri ilianza 26 Januari 1950. Tanganyika nayo ilipitia njia hiyo hiyo, uhuru 9 Desemba 1961 na jamhuri mwaka mmoja baadaye.

Kinachowachanganya wengi zaidi ni 26 Novemba 1949, siku Katiba ilipopitishwa. Ibara chache, zikiwemo za uraia, zilianza kutumika papo hapo. Nyingine zilisubiri miezi miwili kwa makusudi, kwa kuwa 26 Januari ndiyo siku ambayo chama cha Congress kiliiadhimisha mwaka 1930 kudai uhuru kamili.

Dhana: Siku ya uhuru kila mtu alijua yuko India au Pakistan.

Wengi hawakujua. Mwanasheria Mwingereza Cyril Radcliffe, ambaye hakuwa amewahi kukanyaga India, aliwasili 8 Julai 1947 akiwa na wiki tano tu za kuigawa Punjab na Bengal. Mipaka ilikuwa tayari kabla ya uhuru, ila Mountbatten aliizuia hadi 17 Agosti ili isiharibu sherehe. Ndiyo maana Murshidabad, wilaya yenye Waislamu wengi, ilipandisha bendera ya Pakistan kisha ikajikuta India. Khulna ilipandisha ya India, ikaangukia Pakistan ya Mashariki, Bangladesh ya leo. Kwa hiyo ramani yoyote ya 15 Agosti inayoonyesha mpaka huo kana kwamba umeshatangazwa inapotosha.

Na Pakistan yenyewe? Huadhimisha 14 Agosti, lakini sheria ya Bunge la Uingereza iliziunda nchi zote mbili kuanzia tarehe 15, na stempu za ukumbusho ambazo Pakistan ilitoa Julai 1948 zimeandikwa 15 Agosti 1947.

Dhana: Wakoloni wote walifungasha virago 1947.

Waingereza, ndiyo. Wafaransa walikabidhi utawala wa Pondicherry 1 Novemba 1954. Wareno, waliokuwa Goa tangu 1510, hawakutoka mpaka jeshi la India lilipowatoa 19 Desemba 1961.

Dhana: Serikali ya Uingereza iliitawala India tangu vita vya Plassey, 1757.

Aliyeshinda Plassey ni Kampuni ya India Mashariki, yaani wafanyabiashara wenye jeshi. Haki ya kukusanya kodi ya Bengal waliipata 1765 kwa mfalme wa Mughal, milki iliyotawala India kabla yao. Serikali ilishika hatamu 1858, baada ya uasi mkubwa wa mwaka uliotangulia.

Dhana: Ibn Majid, baharia Mwarabu, ndiye aliyemwongoza Mreno Vasco da Gama kutoka Malindi hadi India.

Pwani yetu hadithi hii imeshika mizizi. Rubani alikuwepo kweli, naye alitolewa na mfalme wa Malindi, lakini maandishi ya Wareno hayamtaji Ibn Majid. Jina lake limetoka katika maandishi ya Kiarabu ya miongo mingi baadaye. Mwandishi Mreno Barros anasema rubani alikuwa Mwislamu wa Gujarat.

Kinachosahaulika ni upepo. Meli ziliondoka Malindi 24 Aprili 1498, kusi ikianza, zikafika karibu na Calicut, bandari ya India, 20 Mei, chini ya mwezi mmoja. Kurudi, Wareno hawakusubiri kaskazi ikolee. Waliondoka pwani ya India mwanzoni mwa Oktoba, wakakwama katika shwari na pepo za mbisho, wakaiona Mogadishu 2 Januari 1499. Kiseyeye kiliua watu wapatao 30 katika kuvuka huko, na kila chombo kikabaki na mabaharia saba au wanane wenye uwezo wa kufanya kazi. Wasiweze tena kuendesha meli tatu, waliichoma São Rafael karibu na Mtangata, kusini mwa Tanga.