Breki ya gari la farasi, na jinsi mzigo ulivyofundishwa kujizuia

Mwenye gari la farasi hasumbuliwi sana na mlima wa kupanda. Farasi wakichoka anawapumzisha, anaweka jiwe nyuma ya gurudumu, wanapumua, safari inaendelea. Kinachomnyima usingizi ni mteremko. Gari halina injini ya kulizuia, na kitu chenye uzito wa tani kadhaa kipo mgongoni mwa wanyama wenye miguu minne wanaojaribu kutembea taratibu.

Hesabu yake ni fupi. Chukua gari la kilo 3,000 kwenye mteremko ambao kila mita 10 za njia zinashuka mita 1. Nguvu inayolisukuma kwenda chini ni karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wake, yaani kama kubebeshwa kilo 300. Msuguano wa magurudumu unapunguza sehemu yake. Zinazobaki zote zinawaangukia farasi, kupitia mkanda mpana wa ngozi unaozunguka nyuma ya mapaja yao. Farasi aliyefunzwa “anaukalia” mkanda huo: anashusha matako, anakanyaga kwa kwato za nyuma na kulipinga gari. Kwa mwendo mfupi anaweza. Kwa mteremko wa kilomita nzima, wenye changarawe au matope, kwato zinateleza na gari linampanda. Wanaoendesha mikokoteni ya punda huku kwetu hawahitaji kuelezwa hili, maana mingi haina breki, na punda ndiye anayebeba deni.

Kwa hiyo breki ya gari la farasi ni kifaa cha kuhamisha msukumo huo kutoka kwenye mwili wa mnyama na kuupeleka kwenye gurudumu au ardhini.

Njia moja ya zamani ilikuwa kufunga gurudumu moja la nyuma kwa mnyororo lisizunguke, liburuzwe. Inafanya kazi, lakini kishamba. Pete ya chuma inayozunguka gurudumu la mti inasuguliwa mahali pamoja mpaka inakuwa bapa, na gurudumu lenye bapa linagonga kila mzunguko hadi njiti zilegee. Ndipo kikaja kiatu cha chuma: bamba lililokunjwa kingo, limefungwa kwa mnyororo kwenye bodi. Unalitega mbele ya gurudumu, gurudumu linalipanda, halafu vyote viwili vinateleza pamoja. Sasa kinacholika ni kiatu, si gurudumu. Kasoro ni kwamba lazima usimame juu ya kilima ukitege, na usimame tena chini ukitoe, kikiwa cha moto. Na ukikutana na mteremko ambao hukuutarajia, umechelewa.

Breki ya kweli, ile inayobana gurudumu likiwa linazunguka, ina faida ambayo mtu haioni mara moja. Gurudumu linalozunguka kwa shida linashika njia vizuri kuliko lililofungwa kabisa na kuserereka. Dereva wa lori anaijua tofauti hiyo kwenye barabara yenye mvua. Tena dereva wa farasi anaweza kukaza kidogo, kulegeza, kukaza tena, kufuatana na mteremko.

Mfano mzuri ni magari makubwa ya Conestoga, yaliyotokea Lancaster huko Pennsylvania, Marekani, katika karne ya 18, yakavusha bidhaa milima ya Allegheny. Gari moja lilivutwa na farasi 4 hadi 6 na liliweza kubeba hadi tani 5 hivi. Sakafu yake ilipinda kama mtumbwi, ncha zote mbili juu, ili shehena isimwagike mbele wakati wa kushuka. Dereva hakukaa ndani. Alitembea upande wa kushoto, au alipanda farasi wa nyuma upande huo, au alikalia ubao mfupi uliochomoza ubavuni. Wenzo wa breki nao ulikuwa kushoto, pale pale mkono ulipofika. Ukiuvuta, fito za chuma zilikisukuma kipande cha mti kikabana ukingo wa gurudumu la nyuma.

Kwa nini la nyuma? Kwa sababu ekseli ya mbele inageuka kona, na kufunga fito za breki kwenye kitu kinachogeuka ni kujitafutia balaa. Hasara yake ni kwamba kwenye mteremko uzito unahamia mbele, hivyo breki inabana magurudumu yaliyopungukiwa mzigo. Vile vipande vya mti navyo vililika upesi. Madereva wakavitandika ngozi ya soli za buti chakavu, fundi yeyote wa mkokoteni angeelewa: Mombasa na Nairobi kipande cha tairi kuukuu hupigiliwa nyuma ya mkokoteni, na mwenye nao akiinua mipini ya mkokoteni juu, kile kipande kinasugua lami.

Karne ya 19 ilikuwa ya maboresho. Hati za ubunifu za Marekani za wakati huo, zinazolinda haki ya mbunifu, zilipenda kichwa kimoja, “Uboreshaji wa breki za magari”, na wenye hati hizo hawakudai wamebuni breki. Walidai kipande: meno yanayoushika wenzo usirudi ukiuachia, skrubu inayokazwa kwa mpini, kanyagio la mguu ili mikono ibaki na hatamu. Skrubu inabana kwa nguvu lakini polepole. Kanyagio ni jepesi kwa haraka, ila mguu unachoka.

Boresho ninaloliona la akili kuliko yote halihitaji mkono wala mguu. Kati ya farasi wawili kuna boriti ndefu inayotoka kwenye gari. Wakivuta, gari linafuata. Wakizuia, boriti inasukumwa kurudi nyuma. Sasa usiikaze boriti hiyo kwenye ekseli. Iache iteleze sentimita chache ndani ya mkono wa chuma, kisha unganisha mwisho wake na fito za breki. Gari linapoanza kuwasukuma farasi, boriti inarudi, fito zinavutwa, magurudumu yanabanwa. Mteremko ukiwa mkali, msukumo ni mkubwa, na breki inabana zaidi. Njia ikiwa tambarare, farasi wanavuta, boriti inatoka, breki inaachia. Mzigo wenyewe ndio unaolipia breki yake. Dereva aliyesinzia, au hatamu zilizomponyoka, havibadilishi kitu.

Hapo ndipo kero yake inapoanza: jaribu kurudi nyuma. Farasi wanarudi, boriti inasukumwa, breki inadhani uko mteremkoni na inabana. Unavyozidi kuwahimiza ndivyo gari linavyozidi kugoma. Dawa ni pini au ndoana ya kuizuia boriti isiteleze unapotaka kurudi. Lakini dereva akiisahau pini hiyo mahali pake, kisha akaanza kushuka, ana gari lisilo na breki na hajui. Breki ya namna hii pia haisaidii gari lililoegeshwa, maana hakuna anayeisukuma boriti. Inabidi wenzo wa mkono ubaki pembeni, kama hendibreki.

Wazo hilo halikufa na farasi. Ulaya, tela za kuvutwa na gari dogo zenye uzito wa jumla usiozidi kilo 3,500 zinaruhusiwa kutumia breki ya aina hii, na nyingi zinaitumia. Gari la mbele likipunguza mwendo, tela inalisukuma, na msukumo huo unavuta waya wa breki zake. Kero ya kurudi nyuma imetatuliwa ndani ya magurudumu, ambako brekishuu zinalegea zenyewe tairi likizunguka kinyume. Ukiikuta moja imeegeshwa, tazama shingo yake karibu na kinachofungwa kwenye gari: kuna mpira mweusi wenye mikunjo kama kinanda cha kuvuta. Ndani ya mpira huo kuna chuma kinachoteleza sentimita chache kwenda na kurudi.